Kutoka Usukani hadi Umeneja: Mwongozo kwa Mpanda Pikipiki wa Spidiwei

Mpanda pikipiki wa spidiwei anayetaka siku moja kuwa meneja wa timu hana budi kuanza kujiandaa angali anashindana, kwa sababu sehemu kubwa ya maarifa anayoyahitaji meneja hupatikana kwenye mstari wa kuanzia na katika eneo la mafundi, wala haipatikani darasani. Wapo wanaolifikiria jambo hili baada ya kuvunjika nyonga au mgongo, na hapo hujikuta wana visa vingi vya kusimulia lakini hawana kumbukumbu zilizoandikwa, hawazijui kanuni kwa undani, na uhusiano wao na viongozi wa klabu haujawahi kuvuka mazungumzo ya malipo. Maelezo yafuatayo yanamhusu yule anayeanza leo, pamoja na yule aliyekwisha kukimbia misimu kadhaa na ambaye bado ana muda wa kujipanga.

Mchezo wenyewe

Kwa kuwa nchi zetu za Afrika Mashariki zimezoea zaidi mbio za magari na motokrosi, ni vyema kueleza kwanza spidiwei inavyochezwa. Wapanda pikipiki wanne hukimbia mizunguko minne kwa mwelekeo ulio kinyume na mshale wa saa, katika uwanja wa duara refu wenye udongo uliosagwa, ambao kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, urefu wake ni kati ya mita 260 na 425. Pikipiki ina injini ya silinda moja ya cc 500 inayotumia methanoli, ina gia moja tu, haina breki kabisa, na uzito wake haupaswi kupungua kilo 77. Msomaji aliyezoea bodaboda ya cc 150 na afikirie chombo chepesi kuliko hicho, chenye injini iliyo zaidi ya mara tatu ya ile, kisichoweza kupunguzwa mwendo ila kwa kufunga mafuta na kulitelezesha gurudumu la nyuma kwenye kona. Mguu wa kushoto huvaa kiatu cha chuma ili uburuzwe chini, na kamba fupi iliyofungwa kwenye mkono huizima injini pale mpanda pikipiki anapoanguka.

Mshindi hupata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Mechi ya ligi huwa na michuano 15, kila mmoja ukiwa na wawili wa timu ya nyumbani na wawili wa timu ya ugenini; kwa hiyo kila mchuano hutoa alama 6, mechi nzima alama 90, na timu inayofikisha 46 imeshinda. Tarakimu hiyo ya 46 ikae kichwani, maana tutairudia.

Mchezo huu ulipata umbo lake Australia, West Maitland, mwaka 1923, na ulipofika Uingereza mkutano wa High Beech wa Februari 19, 1928 ulivuta umati mkubwa mno kuliko waandaaji walivyotarajia. Leo ligi yenye fedha nyingi na watazamaji wengi ni ya Poland, ikifuatiwa na za Sweden, Denmark na Uingereza. Kijana wa familia inayozungumza Kiswahili anayeishi katika nchi hizo anaweza kuwa na klabu umbali wa saa moja kutoka nyumbani. Anayeishi Nairobi au Dar es Salaam atalazimika kuhama, na ni haki aelezwe hivyo mapema.

Kuanza na kupanda ngazi

Watoto huanza na pikipiki ndogo za cc 125, kisha za cc 250, na ndipo wakahamia cc 500 wanapokaribia umri wa miaka 16. Anayechelewa kuanza hajafungiwa mlango, ila ajue kwamba atashindana na vijana waliojifunza kutelezesha gurudumu kabla hawajajua kunyoa ndevu. Nenda kwenye klabu iliyo karibu, uliza siku za mazoezi ya wanaoanza, kodi au azima pikipiki kabla ya kununua, na usinunue injini ya pili kabla hujajua kuihudumia ya kwanza. Uingereza ina ngazi tatu za ligi, ya chini ikiwa imekusudiwa kukuza vijana. Poland nayo huzilazimisha timu za ligi kuu kuwapanga vijana wa umri usiozidi miaka 21, jambo linalowapa nafasi za kweli na pia shinikizo la kweli. Kwa vijana wa umri huo kuna vilevile ubingwa wa dunia, SGP2.

Usiuchukulie msimu wa kwanza mbaya kuwa hukumu. Ivan Mauger wa New Zealand alikwenda Uingereza mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 17, akajiunga na klabu ya Wimbledon, mambo hayakumwendea vizuri, akarudi kwao. Aliporejea mwaka 1963 alianzia Newcastle, na kufikia 1979 alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara 6: 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979. Akiwa na klabu ya Belle Vue alishinda pia ligi ya Uingereza miaka mitatu mfululizo, 1970 hadi 1972. Kilichomtofautisha na wenzake, kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, kilikuwa zaidi utaratibu wa kazi kuliko kipaji: matayarisho, usafi wa pikipiki, na kila jambo kufanywa kwa wakati wake.

Mpanda pikipiki wa kulipwa ni mfanyabiashara anayejitegemea. Hununua pikipiki, injini, matairi na gari la kubebea, humlipa fundi, na klabu humlipa kwa kila alama anayopata. Mwenye kiwango cha juu huweza kukimbia Uingereza Jumatatu, Sweden Jumanne, Denmark Jumatano na Poland Ijumaa au Jumapili, akilala ndani ya gari au ndege huku fundi akitangulia na pikipiki nyingine. Weka hesabu za fedha zako mwenyewe tangu mwaka wa kwanza, hata kama una mhasibu: gharama ya kufumua injini baada ya idadi fulani ya michuano, bei ya tairi, mafuta ya gari, bima, na alama ngapi zinahitajika kwa mechi ili usipate hasara. Meneja asiyejua kwamba kijana wake analipwa kidogo kuliko gharama ya kufika uwanjani hataelewa kwa nini kijana huyo anakimbia na tairi lililoisha.

Daftari

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu katika kazi yote ya maandalizi hakuna kinachozidi hiki kwa manufaa na hakuna kinachopuuzwa zaidi.

Nunua daftari lenye jalada gumu, litakalostahimili kukaa kwenye sanduku la vifaa pamoja na mafuta na matope. Kwa kila mchuano andika jina la uwanja, nafasi uliyoanzia, idadi ya meno ya spoketi ya nyuma, jeti ya kabureta, hali ya udongo, nani alitangulia kuingia kona ya kwanza, na mwisho kabisa matokeo. Matokeo yanawekwa mwisho kwa makusudi: alama 3 zilizopatikana kwa sababu mpinzani alizimikiwa na injini hazifundishi lolote, ilhali nafasi ya tatu uliyoipata baada ya kuanza vizuri na kupitwa kwa nje kwenye mzunguko wa pili inafundisha mengi kuhusu mahali udongo ulipokuwa umehamia.

Udongo huhama, na kuufuata ni nusu ya akili ya mchezo huu. Mechi inapoanza umesambazwa sawasawa, na aliye nafasi ya 1, karibu na ukingo wa ndani, ana njia fupi kuliko wote. Kadiri michuano inavyokwenda, magurudumu ya nyuma huusukuma udongo kuelekea uzio wa nje. Ndani hubaki pagumu na panateleza, na aliye nafasi ya 4 akiufikia ule udongo laini gurudumu lake hushika, naye anaweza kuwazunguka wote kwa nje. Trekta likipita kusawazisha, au maji yakimwagwa ili vumbi litulie, hesabu huanza upya. Mpanda pikipiki wa kawaida hulijua hili kwa mwili wake. Anayetaka kuwa meneja lazima aweze kulieleza kwa maneno kwa mtu mwingine, ndani ya nusu dakika, wakati injini zinanguruma.

Ongeza safu moja ya wenzako. Nani huanza vizuri kutoka nje na nani hupotea asipokuwa ndani? Nani hukimbia vizuri zaidi akisemwa, na nani huharibika kabisa akisemwa? Nani akianguka mchuano wa 3 bado anaweza kushinda mchuano wa 7? Usimwoneshe mtu safu hiyo, na usiandike lolote ambalo utaaibika likisomwa.

Unahodha na mafunzo ya pembeni

Ukipewa unahodha, upokee hata kama hauna malipo. Nahodha ndiye anayekagua uwanja pamoja na meneja kabla ya mechi, husikiliza malalamiko ya wenzake kabla hayajafika ofisini, na mara nyingi ndiye ambaye meneja humwendea kumwuliza nani aingie mchuano wa mwisho. Usipopewa, bado unaweza kujifunza: omba kukaa na meneja siku ambayo umeumia na huwezi kukimbia, badala ya kubaki nyumbani. Mtu aliyefungwa plasta mkononi akiwa ameshika karatasi ya mechi huona mambo ambayo hakuyaona miaka yote akiwa ndani ya helmeti.

Soma kitabu cha kanuni cha ligi yako kila mwanzo wa msimu, maana hubadilika. Jua mwamuzi anampa kila mmoja dakika ngapi kufika kwenye utepe wa kuanzia, ule unaoruka juu mbio zinapoanza (kwa kawaida ni 2), nini humpata anayeugusa utepe kabla haujaruka (huondolewa, na katika baadhi ya ligi huweza kurudishwa mita 15 nyuma), na nani huondolewa mchuano unaposimamishwa kwa taa nyekundu, yaani yule ambaye mwamuzi amemwona kuwa ndiye chanzo. Meneja anayekwenda kwenye simu ya mwamuzi kulalamika bila kuijua kanuni huipotezea timu heshima, na mara nyingine faini hufuata.

Anza pia kuwafundisha vijana kabla hujastaafu. Poland, kazi ya ukocha huhitaji sifa zinazotambuliwa na chama cha taifa cha michezo ya magari na pikipiki, na klabu huwa na kocha na meneja kama watu wawili. Uingereza, meneja hufanya karibu yote mwenyewe, na uteuzi hutegemea zaidi sifa yake na kukubaliwa na wasimamizi wa mchezo. Kwa hiyo uliza masharti ya nchi unayotaka kufanyia kazi miaka miwili mitatu kabla ya kuyahitaji.

Kuacha kukimbia

Wachache hujichagulia siku ya kuacha. Rafał Dobrucki wa Poland alilazimika kuacha kwa sababu ya jeraha la mgongo, akawa kocha wa Zielona Góra, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Poland mwaka 2013. Baadaye alikabidhiwa timu ya taifa, iliyoshinda Kombe la Dunia la 2023 mjini Wrocław. Aliyeacha kwa jeraha huweza kuwa kocha mzuri sana, lakini aupe mwili na akili yake muda kwanza. Dalili ya kwamba hajawa tayari ni rahisi kuiona: kila kijana akikosea, yeye hueleza namna ambavyo yeye angefanya.

Uingereza kuna desturi ya kumwandalia mpanda pikipiki aliyetumikia mchezo kwa miaka 10 mechi maalumu ambayo mapato yake humwendea yeye. Ukifikia hapo, zitumie fedha hizo kukuvusha katika mwaka wa kwanza wa umeneja, maana mishahara ya mameneja wengi si mikubwa na baadhi yao wana kazi nyingine mchana. Zingatia pia kwamba si kila bingwa huishia kwenye umeneja wa timu: Ole Olsen wa Denmark, bingwa wa dunia wa 1971, 1975 na 1978, alijenga uwanja wa Vojens na baadaye akawa mkurugenzi wa mbio katika Grand Prix, yaani mfululizo wa mbio za ubingwa wa dunia. Kama unapenda viwanja na mitambo kuliko watu, njia ya namna hiyo inakufaa zaidi.

Kwa upande mwingine, jina kubwa usukanini si sharti. Neil Middleditch, mtoto wa Ken Middleditch aliyewahi kukimbia Poole, alikimbia Poole kama baba yake bila kuwahi kuwa bingwa wa dunia, na chini ya umeneja wake klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi mara kadhaa, ukiwamo wa 2003. Marek Cieślak, aliyekuwa mpanda pikipiki wa Częstochowa, aliiongoza Poland kutwaa Kombe la Dunia mara 7 kati ya 2007 na 2017. Ninavyoona mimi, bingwa mkubwa huwa na tatizo ambalo hawa hawakuwa nalo: mengi aliyafanya bila kufikiri, kwa hiyo ni vigumu kwake kumfundisha mtu anayelazimika kufikiri.

Hesabu za majira ya baridi

Kazi ya meneja huanza miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Uingereza, kila mpanda pikipiki ana wastani wake, unaopatikana kwa kuchukua alama zake pamoja na za nyongeza, kuzigawa kwa idadi ya michuano aliyokimbia, kisha kuzidisha kwa 4. Aliyepata alama 38 na nyongeza 4 katika michuano 20 ana jumla ya 42. Ukigawa kwa 20 unapata 2.1, ukizidisha kwa 4 unapata 8.40. Alama ya nyongeza hutolewa kwa anayemaliza nyuma ya mwenzake wa timu huku akimshinda mpinzani, kusudi asione faida ya kumpita mwenzake kwa ajili ya malipo.

Ligi huweka kikomo cha jumla ya wastani wa wapanda pikipiki wote saba wa timu, nacho hubadilishwa msimu hadi msimu. Ndiyo maana meneja hawezi kukusanya nyota saba. Hutafuta watu ambao wastani wao uko chini ya uwezo wao halisi. Kijana mwenye 4.00 anayeelekea 6.00 anaiongezea timu yako alama 2 kwa kila mechi bila kukugharimu chochote katika kile kikomo. Mkongwe mwenye 8.00 anayeelekea 6.00 anakupunguzia kiasi hichohicho, na mara nyingi ni rafiki yako. Aliyeumia mwaka uliopita na kukimbia nusu ya msimu akiwa na maumivu anastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko wote: mtazame akifanya mazoezi, uliza fundi wake, kisha uamue. Daftari lako la zamani litakusaidia hapa kuliko takwimu za mtandaoni, kwa kuwa linasema nani alikuwa akitangulia kona ya kwanza hata siku ambazo alama hazikuja.

Usajili ukikamilika, panga jozi. Anayeanza kwa kasi lakini hajali mwenzake usimpange na kijana mwoga, atamwacha peke yake na wapinzani wawili. Mpange kijana huyo na mkongwe mwenye desturi ya kugeuza shingo akishatangulia, akaacha upenyo wa ndani na kumzuia mpinzani nje hadi mwenzake apite. Ushindi wa 5–1 unaopatikana kwa namna hiyo una thamani kuliko ushindi wa nyota mmoja anayeleta 3–3.

Usiku wa mechi

Chukulia mfano. Mchuano wa 9 umekwisha, wenyeji wana 30 na nyinyi mna 24. Imebaki michuano 6, yaani alama 36, nanyi mnahitaji 22 ili mfikishe 46. Mkitoka sare ya 3–3 katika yote mtamaliza na 42, mmefungwa. Lakini mkipata 5–1 mara mbili tu na kutoka sare katika minne iliyosalia, jumla ni 24 na 10 na 12, yaani 46, na wenyeji watabaki na 44. Kwa hiyo swali la meneja huwa hili: michuano ipi miwili kati ya hiyo 6 ndiyo ambayo 5–1 inawezekana, na nani awe humo? Kuhangaika na yote sita ni njia ya kuwachosha watu na injini bila faida.

Ligi kadhaa, ya Poland ikiwamo, humruhusu meneja aliyeachwa kwa alama 6 kumwingiza mpanda pikipiki mwenye nguvu badala ya aliyepangwa. Mwenyeji anayejua hesabu atajitahidi kukuweka nyuma kwa alama 4 tu ili ukose ruhusa hiyo, na hilo nawe ulikumbuke siku ukiongoza. Kabla ya kumwingiza nyota wako, angalia amepangwa lini tena: akikimbia michuano miwili mfululizo injini itakuwa bado ya moto, fundi hatakuwa na muda wa kubadili spoketi, na kile unachokipata sasa utakilipa dakika tano baadaye. Angalia vilevile nafasi ya kuanzia. Jozi moja huanza nafasi ya 1 na 3, nyingine 2 na 4, na kama nje ndiko kunakoshika usiku huo, mwanzaji wako mzuri wa ndani hatakufaa mahali pa kijana aliyezoea nje.

Mchuano wa mwisho huwa wa kuteuliwa, na Poland miwili ya mwisho, wa 14 na wa 15. Hapo wengi huwateua wenye alama nyingi usiku huo. Mimi ningemtazama zaidi aliyeshinda michuano yake miwili ya karibuni kuliko aliyeshinda miwili ya mwanzo wa mechi, kwa sababu aliyeshinda karibuni ndiye aliyeusoma uwanja ulivyo sasa.

Ugenini usisahau mambo madogo. Fika mapema, tembea uwanja mzima kwa miguu pamoja na nahodha, kanyaga kona zote kwa kisigino, tazama uzio wa hewa, ule unaowakinga wanaoanguka, kama umejaa na umefungwa sawasawa kwenye kona, na uulize trekta litapita baada ya michuano mingapi. Wakumbushe mafundi wapya kwamba moto wa methanoli karibu hauonekani mchana, kwa hiyo anayejaza tangi karibu na injini yenye joto ajihadhari na kizima moto kiwe mahali panapojulikana. Karatasi ya mechi ijaze mwenyewe kwa kalamu, ukiandika alama za kila mchuano papo hapo. Ubao wa uwanja huweza kukosea.

Namna ya kusema na watu

Kati ya mchuano na mchuano meneja hupata dakika chache sana za kuzungumza na mtu ambaye moyo wake bado unadunda na ambaye masikio yake yamejaa kelele. Jambo moja linatosha. “Ndani hakushiki tena, anza kawaida, toka nje kona ya pili” ni maelekezo. Hotuba kuhusu kujituma si maelekezo. Aliyeanguka aulizwe kwanza anaumia wapi, na daktari ndiye anayeamua kama atarudi, hata mkiwa nyuma kwa alama 2 na yeye mwenyewe akisisitiza kuwa yuko sawa. Wapanda pikipiki husema wako sawa hata wakiwa na mfupa uliovunjika. Nawe uliyekuwa mmoja wao unalijua hilo vizuri, na huna kisingizio cha kuamini.

Fundi naye ni mtu wako, ingawa humlipi. Msalimie kwa jina, mfahamishe mabadiliko ya ratiba kabla ya kumfahamisha mtu mwingine yeyote, na usimgombeze mpanda pikipiki mbele yake.

Kuwaongoza watu uliokimbia nao juzi kuna ugumu wake. Simon Stead na Oliver Allen, wote wawili wapanda pikipiki waliostaafu, waliiongoza Uingereza kutwaa Speedway of Nations, ubingwa wa dunia wa timu za taifa, mwaka 2021 mjini Manchester ikiwa na Robert Lambert na Dan Bewley, taji la kwanza la dunia la timu tangu lile la England la 1989. Stead alikuwa pia meneja wa Sheffield, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 2023. Mark Lemon wa Australia mwaka 2022 alishinda ligi na Belle Vue na Speedway of Nations na nchi yake. Hawa wote waliwahi kuwa wapanda pikipiki kama wale waliowaongoza, na ukaribu huo ni nguvu mradi mipaka iwekwe mapema: nani anapanga jozi, nani anazungumza na waandishi, na kwamba mazungumzo ya eneo la mafundi hayafiki kwenye mitandao ya kijamii.

Kuomba kazi na msimu wa kwanza

Usingoje tangazo. Mwandikie mmiliki wa klabu ndogo, ya ngazi ya chini, ukimweleza kwa kurasa mbili jinsi ambavyo ungeijenga timu yake chini ya kikomo cha wastani kilichopo, ukitaja wapanda pikipiki halisi na sababu za kila mmoja. Barua ya namna hiyo hukutofautisha na kila aliyestaafu anayepiga simu kusema kwamba anaupenda mchezo. Kubali kuanza ukiwa msaidizi au mwalimu wa vijana, na katika mkataba wako iandikwe wazi nani ana neno la mwisho katika usajili, kwa kuwa ugomvi mwingi baina ya meneja na mmiliki huanzia hapo.

Msimu wa kwanza utalazimika kumwacha mtu. Mara nyingi atakuwa ni mkongwe ambaye wastani wake umeporomoka, na huenda aliwahi kuwa mwenzako wa jozi. Mpigie simu wewe mwenyewe au nenda kwake, mweleze sababu kwa tarakimu, mwambie ni klabu gani unayodhani ingemfaa na kama uko tayari kumzungumzia huko. Barua ya klabu na tangazo kwa mashabiki vifuate baada ya mazungumzo hayo, na yule anayechukua nafasi yake asitajwe mpaka siku mbili tatu zipite.